Kabla ya kugombea kalamu ya kuandika dawa, tuitazame karatasi

Kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani kwangu napita maduka ya dawa manne. Mwezi huu matatu kati ya hayo yamebandika karatasi kwenye kioo cha kaunta: "Antibayotiki haziuzwi bila cheti cha daktari." Karatasi ni ndogo, lakini maneno iliyoyazua ni mengi. Saluni, kwenye daladala na katika magrupu ya WhatsApp ya mtaa nimesikia tafsiri tatu. Wa kwanza wanasema serikali imeleta sheria mpya ya kuwanyima dawa watu wa kipato cha chini. Wa pili wanasema hospitali zimependelewa, ili kila mwenye kikohozi alipie kwanza kumwona daktari. Wa tatu wanashangilia: wanaona sasa dawa zitaacha kuuzwa kama karanga na usugu, yaani bakteria kuzoea dawa, utakwisha. Hawa wa tatu ndio wanaozungumza kwa kujiamini zaidi, kwa kuwa wanaona sayansi iko upande wao. Mimi naona makundi yote matatu yamekosea mahali pamoja. Yanadhani jambo zima linahusu nani ana ruhusa ya kuandika dawa, na yanasahau kuuliza kile kinachoandikwa ni kitu gani.

Msimamo wangu ni huu. Cheti cha dawa ni ushahidi kwamba mtu anayejulikana kwa jina na kwa namba ya usajili amekuona, amekupima, ameamua dawa fulani kwa ugonjwa fulani kwa siku kadhaa, na yuko tayari kuulizwa kesho. Karatasi isiyobeba hayo haina thamani hata ikiwa imesainiwa na daktari bingwa. Karatasi inayoyabeba ina thamani hata ikiwa imeandikwa na muuguzi wa zahanati, ilimradi amefundishwa kwa dawa hiyo. Kwa hiyo naamini tunapaswa kufanya mambo mawili ambayo kwa haraka yanaonekana kupingana: tuongeze mikono inayoruhusiwa kuandika dawa, kila mmoja kwa mpaka wake, na wakati huohuo tukaze masharti ya cheti halali kuliko yalivyo leo. Tukifanya moja bila jingine tutaumiza watu.

Tuanze na lile la sheria mpya, kwa sababu linapotosha mjadala wote. Hakuna upya wowote. Sheria ya Dawa na Sumu ya mwaka 1978 ilikwishagawa dawa katika makundi, zile za kuuzwa famasi chini ya mfamasia na zile ambazo duka la dawa baridi liliruhusiwa kuuza. Sheria ya mwaka 2003, iliyozaa mamlaka ya kudhibiti dawa ambayo tangu 2019 tunaiita TMDA, iliendeleza udhibiti huo, na leo kila dawa inaposajiliwa nchini inapangiwa kundi lake: ya cheti, ya famasi, au ya kuuzwa popote. Antibayotiki za kumeza ziko kwenye kundi la cheti tangu wengi wanaolalamika hawajazaliwa. Kilichotokea ni kwamba maisha yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1977 nchi ilipiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara, ikaja kuiruhusu tena 1991. Miaka miwili baadaye uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za umma. Katika kipindi hicho cha mpito duka la dawa likawa ndiyo zahanati ya mtaa. Halina foleni, halitozi ada ya kumwona mtu, linafunguliwa hadi usiku, na muuzaji ni jirani anayemjua mtoto wako kwa jina. Watu hawakuikiuka sheria kwa ukaidi. Wengi hawakuwahi kukutana nayo.

Serikali yenyewe iliona hali hiyo ikajaribu kuifuata kwa akili. Mwaka 2003 mkoani Ruvuma yalianza majaribio ya Duka la Dawa Muhimu, lile tunaloliita DLDM: mtoa dawa anapewa mafunzo ya wiki chache, duka linakaguliwa na kupewa kibali, kisha linaruhusiwa kuuza orodha fupi ya dawa za cheti, zikiwemo antibayotiki kama amoksisilini na kotrimoksazole. Mpango huo ukaenea mikoani. Nautaja kwa sababu unaonyesha jambo ambalo wapinzani wa "kuachia dawa" hawapendi kulikiri: nchi hii imeshapanua milango zamani. Hata hospitalini, anayekuandikia dawa mara nyingi si daktari kwa maana ya shahada. Zahanati zetu zinaendeshwa na matabibu, watu waliosoma stashahada ya miaka mitatu, na kwa haki kabisa tunawaita daktari tukiwa mbele yao. Mwongozo wa taifa wa matibabu unapanga dawa kwa herufi, A kwa zahanati, B kwa kituo cha afya, C na D kwa hospitali za wilaya na mkoa, S kwa mabingwa. Yaani swali la nani aandike nini lilikwishajibiwa kwa ngazi, dawa kwa dawa. Na tabibu akisafiri kwenda semina, muuguzi aliyebaki ndiye anayeandika, kwa kuwa mgonjwa hawezi kuambiwa arudi wiki ijayo.

Hilo ndilo lililonifanya niache kuangalia kalamu nikaanza kuangalia karatasi, na siku niliyoiona vizuri ilikuwa katika famasi moja Mbagala. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mzee wa makamo ya sabini, amevaa kofia na koti. Mfamasia, binti wa umri wa wanangu, akamwamkia shikamoo, mzee akaitikia, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo ikaanza kukatika. Ilikuwa ya mwezi wa tatu. Tulikuwa mwezi wa saba. Juu yake kulikuwa na mistari miwili kwa kalamu ya bluu: amlodipini miligramu 5, 1×1, na chini yake amoksisilini 500, 1×3. Mhuri wa kituo ulikuwepo ila maandishi yake yamefifia. Saini ilikuwa mchoro tu. Jina la aliyeandika halikuwepo, umri wa mgonjwa haukuwepo, wala idadi ya siku. "Babu, hiki ni cha mwezi wa tatu," binti akasema. Mzee akamjibu kwa upole, "Presha si ile ile, mwanangu? Na zile kapsuli nipatie pia, mjukuu anakohoa." Binti akavuta kipimo cha presha kilichokuwa pembeni ya kaunta, akamfunga mkononi, akasoma, akampa amlodipini za mwezi mmoja. Amoksisilini akakataa. Alimweleza kwamba mtoto aletwe apimwe, kwamba kapsuli ya mtu mzima si ya mtoto. Mzee hakufurahi, lakini alikubali. Kisha binti akamrudishia karatasi yake, ikakunjwa tena mara nne, ikarudi mfukoni.

Nimeufikiria sana uamuzi ule. Kwa macho ya karatasi, mistari ile miwili ilikuwa sawa: imechakaa kwa pamoja, haina mwenyewe kwa pamoja, imetumika sijui mara ngapi kwa pamoja. Anayesema "hakuna cheti halali, hakuna dawa" angemrudisha mzee nyumbani bila dawa ya presha, na tunaijua njia ya kutoka hapo hadi kiharusi. Anayesema "cheti kipo, mpe" angetoa na amoksisilini, ikaishia kwa mtoto ambaye hakuna aliyemsikiliza kifua. Mfamasia alifanya uamuzi wa kitabibu, na alifanya uamuzi mzuri. Ila hakuna mahali alipouandika. Hakuna anayejua kwamba presha ya mzee ilipimwa siku hiyo, wala kwamba amoksisilini ilikataliwa. Mtaa wa pili lipo duka jingine, na karatasi bado iko mfukoni ikiwa nzima.

Ndiyo maana nasema tujiulize cheti halali kina nini. Jambo hili lina majibu yanayokubalika karibu dunia nzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa uandishi bora wa dawa unataka jina, anwani na simu ya mwandishi, tarehe, jina halisi la dawa pamoja na nguvu yake, umbo la dawa na idadi yote, maelekezo ya matumizi, jina, anwani na umri wa mgonjwa, na saini. Uingereza cheti cha kawaida kinaisha baada ya miezi 6, na cha dawa zinazodhibitiwa zaidi, kama mofini, kinaisha baada ya siku 28, na idadi yake lazima iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno ili mtu asigeuze 10 kuwa 100. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataka dawa hizo zisitolewe kwa mtu binafsi bila cheti cha kitabibu. Tazama kwamba karibu kila kipengele kipo kwa ajili ya mtu wa tatu, yule atakayesoma baadaye. Umri upo ili mfamasia akamate kosa la dozi. Simu ipo ili apige aulize. Tarehe ipo ili ugonjwa wa Machi usitibiwe Julai. Cheti kinapoandikwa "1×3" bila siku, mgonjwa anaamua mwenyewe dozi iishe lini, na kwa kawaida huisha siku anapopata nafuu.

Sasa nizitazame hoja za kila upande kwa haki. Madaktari wanaotaka kalamu ibaki kwao wana hoja moja nzito, na huwa hawaielezi vizuri. Huwa wanasema wao wamesoma miaka mitano na mwaka mmoja wa mazoezi. Ni kweli, lakini mfamasia naye amesoma miaka minne na mwaka wa mazoezi, na kwa habari ya dawa anajua mengi kuliko wao. Hoja nzito ni nyingine: anayeamua dawa asiwe ndiye anayenufaika na kuuzwa kwake. Korea Kusini iliona tatizo hilo ikatenganisha kuandika na kuuza mwaka 2000, na madaktari ndio waliogoma, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiuza. Hapo ndipo hoja hii inapogeuka kwetu. Hapa Dar es Salaam zahanati binafsi nyingi zinaendesha dirisha la dawa ndani ya jengo lilelile, na mapato ya dirisha hilo ndiyo yanayolipa pango. Daktari anayeandika dawa nne pale hana tofauti ya kimasilahi na mwenye duka. Tukitaka kutumia hoja hii dhidi ya wafamasia, tuwe tayari kuitumia kote, na sijaona anayependekeza zahanati zifunge madirisha yao.

Upande huo una udhaifu mkubwa zaidi, na ushahidi wake umetoka katika jiji hili hili. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watoto 1,005 waliofikishwa vituo vya afya na homa, Dar es Salaam na Ifakara. Karibu saba kati ya kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao antibayotiki haiugusi. Walioonekana na ugonjwa wa bakteria walikuwa takriban mmoja kati ya watano, na malaria na vimelea vingine vilikuwa kama mmoja kati ya kumi. Miaka mitatu baadaye ukachapishwa utafiti mwingine wa Dar es Salaam, wa watoto zaidi ya 3,000 wa chini ya miaka mitano. Wahudumu walipewa kishikwambi chenye programu ya kuwaongoza hatua kwa hatua, pamoja na vipimo vichache vya papo hapo, kikiwemo cha kupima oksijeni kwenye damu. Waliotumia programu hiyo waliandika antibayotiki kwa watoto wapatao 11 katika kila 100, na watoto wao walipona vizuri kuliko wa kundi la kulinganisha, ambako waliandikiwa karibu 30 katika 100. Na katika huduma ya kawaida ya vituo? Karibu 95 katika kila 100. Naomba msomaji asiipite namba hiyo. Hizo ni dawa zilizoandikwa ndani ya vituo vya afya, na watu wenye ruhusa, kwa karatasi ambayo mwenye duka angeipokea bila swali. Kama karatasi za kaunta za mtaani kwetu zingetiiwa kwa asilimia mia, watoto hao wangepata antibayotiki zilezile. Tofauti ililetwa na vipimo na utaratibu wa kufikiri ulioacha kumbukumbu. Cheo cha mwandishi hakikuileta.

Upande wa pili, wa wanaotaka milango ilegezwe, una hoja ambayo siwezi kuidharau kwa sababu naiishi. Mama ntilie wa Buguruni akienda hospitali ya umma na mtoto mwenye homa, amepoteza siku ya biashara, nauli ya kwenda na kurudi, na mwishoni anaambiwa dawa hii haipo, kanunue nje. Anarudi kwenye duka lilelile ambalo angeweza kuanzia. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa na mwanangu kwenye benchi la kituo kimoja tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, tukaonana na mhudumu kwa muda usiozidi dakika tatu, akaandika dawa bila kunyanyua kipimo cha kifua kilichokuwa shingoni mwake. Nilitoka na cheti halali kwa kila namna inayoonekana, na kilikuwa kitupu. Kumwambia mama wa Buguruni "nenda kwa daktari" bila kumwekea mtu wa karibu wa kumpima ni kumtoza gharama ya kosa ambalo si lake. Vizuizi vikikazwa namna hiyo, dawa zitaendelea kutoka, ila chini ya kaunta, kwa bei ya juu na bila maelezo hata ya dozi.

Lakini upande huohuo umebeba hoja nyingine ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote nilizozisikia, na inapendwa sana mitandaoni: kwamba mtu mzima ana haki ya kujitibu, mwili ni wake, pesa ni yake. Kwa Panadoli nakubali. Kwa antibayotiki hoja hiyo haisimami, kwa sababu bakteria hawakai kwa mtu mmoja. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofuatilia watoto waliolazwa Muhimbili wakiwa na homa, zaidi ya mara 1,800 za kulazwa. Waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram hasi kwenye damu walikufa zaidi ya wanne katika kila kumi, zaidi ya mara mbili ya waliofariki kwa malaria, na kupewa dawa ambayo bakteria wameshaizoea kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoashiria kifo. Watoto wale hawakujinunulia dawa, na wengine walikuwa wachanga wa siku chache. Usugu uliowaua uliwatangulia duniani. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022 yalisema watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya usugu wa bakteria. Mtu anayemeza kapsuli za rangi mbili siku mbili kwa ajili ya mafua anafanya uamuzi juu ya watoto wa wenzake. Haki ya kujitibu haifiki huko, kama ambavyo haki ya kuchimba shimo uani kwako haifiki kwenye kisima cha jirani.

Na wale wanaosema ni njama ya hospitali kujipatia ada, hofu yao ina mzizi wa kweli, ila dawa yake wanayoipendekeza ni kinyume. Ada ya kumwona daktari inakuwa mtego pale tu ambapo daktari ndiye mlango pekee. Ukiongeza milango halali, mtego unakatika. Ukilifuta sharti la cheti, mgonjwa anaokoa ada ya leo, na siku atakayougua kweli ananunua sindano za bei kubwa kwa kuwa vidonge vya bei ndogo vimeshindwa.

Kuongeza milango huku ukikaza karatasi kumeshafanyika jirani na kwetu. Uganda ilibadili kanuni mwaka 2004 ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini ya kunywa kwa wagonjwa wenye maumivu makali. Mofini ni dawa ambayo nchi nyingi zinaiogopa hata mikononi mwa daktari. Waganda hawakumruhusu kila muuguzi. Walimruhusu aliyefundishwa kwa dawa hiyo, kwa kazi hiyo, na kumbukumbu zikatunzwa. Hapa kwetu, tangu 2011 Muhimbili ilipoanza tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini, na baadaye Mwananyamala na Temeke, mgonjwa anafika kila siku, anatambuliwa, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na inaandikwa. Kwa hiyo anayedai Watanzania hatuwezi kufuatilia dawa hadi kwa mtu mmoja mmoja afike kliniki hizo asubuhi akaone foleni. Hata bila kwenda mbali, mwenye kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, anajua: fomu ikikosa saini, namba au tarehe, famasi inaikataa, kwa sababu Mfuko hautalipa. Cheti chetu kimekuwa hai kila mahali ambapo kuna mtu upande wa pili anayekisoma akiwa na sababu ya kukisoma. Kimekufa pale ambapo pesa taslimu ndiyo msomaji pekee.

Hili linanipeleka kwenye jambo ambalo nadhani linapaswa kuamua mjadala. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kadiri itakavyotekelezwa, cheti cha dawa kitaacha kuwa ruhusa tu ya kununua; kitakuwa hati ya kudai fedha za umma. Hapo kila udhaifu wa karatasi ya mzee wa Mbagala utageuka kuwa upotevu, na wajanja wataziona karatasi zisizo na mwenyewe kabla ya wakaguzi. Tusisubiri. Tangu Sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, tabibu naye yuko chini ya baraza lenye rejista, kama daktari. Namba zipo. Ninachotaka ni kwamba namba hiyo iandikwe kwenye kila cheti kinachotoka nje ya kituo, pamoja na simu inayopokelewa, na kwamba mfamasia akatae kisichonayo. Mhuri usihesabiwe kuwa uthibitisho wa chochote, maana mhuri unachongwa mtaani kwa nusu saa. Cheti kikishatumika kigongwe alama ya kutumika au kitobolewe, au famasi ibaki nacho na mgonjwa apewe nakala. Kiwe na ukomo: kwa antibayotiki siku chache tu, kwa sababu maambukizi ya wiki iliyopita yanataka kupimwa upya; kwa presha na kisukari miezi kadhaa, na idadi ya marudio iandikwe wazi. Dawa iandikwe kwa jina lake halisi na si la kampuni, ili mgonjwa asitangetange mji mzima kutafuta boksi la rangi fulani wakati dawa ileile iko mbele yake kwa bei ndogo. Na picha ya cheti iliyotumwa kwa WhatsApp, ambayo sasa ni kawaida, isikubaliwe kama ilivyo. Picha moja inaweza kununua dozi kumi katika famasi kumi kabla ya magharibi. Vituo vya umma tayari vinatumia mifumo ya kompyuta kuandika dawa ndani ya jengo; cheti kinachotoka nje nacho kipewe namba ya mfumo, ambayo famasi ikiiingiza, namba hiyo inafungwa isitumike tena.

Kisha ndiyo tuongeze mikono. Ningeanza na wafamasia waliosajiliwa, kwa orodha fupi: kuendeleza dawa za presha na kisukari kwa mgonjwa aliyekwishagunduliwa na ambaye vipimo vyake viko sawa, na dawa mseto kwa malaria iliyothibitishwa kwa kipimo cha papo hapo. Ningefuata na wauguzi wa zahanati, ambao tayari wanaandika kwa siri ya lazima, wapewe mafunzo na ngazi inayotambulika ili waache kujificha nyuma ya saini ya tabibu aliyesafiri. Kwa watoa dawa wa DLDM ningebaki na orodha iliyopo, na ningedai kila antibayotiki inayotoka iandikwe kwenye daftari pamoja na sababu. Natambua nimempa mfamasia ruhusa ya kuandika na kuuza kwa pamoja, na nilisema mwanzo kwamba muungano huo una hatari. Ndiyo maana antibayotiki sijaziweka kwenye orodha yake, na ndiyo maana nataka kila alichokiandika kiachwe kwenye rejista inayoweza kukaguliwa na Baraza la Famasi bila taarifa. Presha haina biashara ya kumlaghai mtu aongeze vidonge. Anayeikosa dawa yake ndiye anayeumia.

Kipo kitu kimoja zaidi ambacho ningependa kanuni zikitaje waziwazi, nacho ni kukataa. Mfamasia anapokataa kutoa dawa leo anaonekana mkorofi, na mwajiri wake anaona mauzo yameondoka. Wengi wao ni vijana walioajiriwa na mwenye duka ambaye si mtu wa afya. Kukataa kwa sababu ya kitaalamu kuwe tendo linaloandikwa, lenye sababu, lenye ulinzi dhidi ya kufukuzwa kazi, na linalomfuata mgonjwa hadi kwa mhudumu atakayemwona baadaye. Yule binti wa Mbagala alipima presha, akaendeleza dawa iliyostahili, akazuia isiyostahili, na akamwelekeza mtoto mahali pa kupimwa, yote kwa muda usiofika dakika kumi na bila kutoza ada. Alipomaliza aliangalia kaunta kama anayetafuta kitu, kisha akaniuliza mimi niliyekuwa nafuata nataka nini. Kitabu cha kuandika aliyoyafanya hakikuwepo pale.